Mashine ya bigijii ya senti moja: niliyouziwa na niliyoipata

Nina mashine mbili za bigijii mezani kwangu hapa Columbus, Ohio, Marekani: zile za kutumbukiza sarafu, ukazungusha kishikio, ikadondoka bigijii moja ya duara. Moja nyekundu, inang'aa, kioo chake cha duara hakina mkwaruzo. Nyingine imechubuka rangi hadi chuma kinaonekana, na kibao chake cha mbele kimefifia maandishi. Ile nyekundu niliuziwa dola 120 kama mali ya miaka ya 1920. Hii iliyochubuka nilitoa dola 65. Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanza kuzikusanya, maana hizo dola 120 zinaniuma mpaka leo.

Muuzaji wa ile nyekundu nilimkuta kwenye gulio la Jumapili. Alisema ilikaa kwenye duka la dawa la babu yake. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini: mji huu ninaoishi ndio uliokuwa na kampuni ya Columbus Vending, iliyotengeneza mashine za chuma cha kusubu zenye kioo kilichochorwa nyota, na nilikuwa na hamu kubwa ya kupata kitu cha zamani cha hapa hapa. Nyota haikuwepo. Nikajiambia labda kioo kilibadilishwa.

Wiki hiyo hiyo mwanangu alichukua sarafu ya shilingi 50 kwenye kopo la chenji tulilorudi nalo kutoka Tanga, akaitumbukiza, akazungusha kishikio. Bigijii ikadondoka. Akajaribu senti kumi ya Marekani, ikadondoka nyingine. Akajaribu senti 25. “Baba, hii inakula hela yoyote!” Alifurahi sana. Mimi nilikaa kimya, nikaipindua mashine, na chini yake, kwa herufi zilizosubiwa kwenye chuma chenyewe, nikasoma: Carousel, 1985.

Carousel ni pambo la nyumbani, na maandishi yapo wazi kwa anayetazama. Aliyeidanganyia umri ni muuzaji. Lakini shilingi yetu ilinifundisha kitu ambacho sasa nakifanya kabla sijaangalia rangi, kioo wala stika: naanza na tundu la sarafu. Mashine iliyotengenezwa kufanya biashara dukani ilikuwa na bei moja, na bei hiyo imechongwa ndani yake. Mwenye mashine hakuwepo hapo kumkatalia mtu, kwa hiyo chuma kilimkatalia.

Mashine ya pili ni Northwestern Model 60. Northwestern ni kampuni ya Morris, Illinois, na mtindo huu wa 60 umetengenezwa kwa miaka mingi mno, kwa hiyo jina peke yake halitoshi kukuambia umri. Hii yangu inakula senti moja tu. Hapo ndipo penye ushahidi, kwa sababu hakuna mfanyabiashara wa leo atakayeagiza mashine ya kuuza kitu kwa senti moja.

Siku ya kwanza niliifungua yote. Kuna fimbo moja ya chuma inayopita katikati, kuanzia kwenye kitako hadi kwenye kifuniko, na kufuli la juu ndilo linaloshikilia kila kitu pamoja. Ukilifungua, kifuniko kinatoka, kioo kinatoka, kila kipande unakiweka mezani. Ufunguo sikupewa, ikabidi nikekete kufuli kwa drili, kazi ya saa nzima, halafu ninunue jingine. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa: muulize muuzaji ufunguo kabla hujatoa hela, na akisema hana, punguza bei hapo hapo.

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni mtambo wa sarafu. Nyuma ya kishikio kuna kisahani chenye pengo la ukubwa wa senti, milimita 19 na kidogo. Pengo likiwa tupu, kijiulimi cha chuma kinatumbukia humo na kishikio kinagoma. Senti ikikaa inaliziba pengo, ulimi unateleza juu yake, gia inashika, gurudumu la ndani linazunguka na kuangusha bigijii moja. Springi mbili, gia, na senti yenyewe, kipande cha shaba chenye sura ya Rais Lincoln, kinachofanya kazi ya ufunguo. Ile shilingi 50 haiingii kabisa. Nilisafisha grisi iliyoganda kwa mafuta ya taa na mswaki, sikupiga msasa popote, na sikupaka rangi mpya. Mzee mmoja mkusanyaji niliyezoeana naye gulioni ndiye aliyenikataza. Alisema michubuko ile ni cheti chake cha kuzaliwa, na anayeinunua kwa kujua atailipia zaidi ikiwa na rangi yake ya kwanza.

Huyo mzee ana mashine ya bigijii ya Ford, ya kromu tupu, na wengi hudhani ni ya Henry Ford wa magari. Sivyo. Ni jina la kwanza la mwanzilishi wake, Ford Mason, na kampuni yake iko Akron ya jimbo la New York.

Tatizo jingine la Model 60 yangu: bigijii za siku hizi, zile za inchi moja, hazipiti. Matundu ya gurudumu yalichongwa kwa zile ndogo za enzi ya senti. Nilizijaza bila kujua, zikakwama, mbili zikasagika ndani na kuganda kwenye gia. Tafuta za nusu inchi na uzipime kwenye tundu moja kwanza, kwa mkono, kabla ya kufunga kifuniko.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeenda na ufunguo. Novemba 2025 Marekani ilipiga senti zake za mwisho za matumizi pale Philadelphia, kwa hiyo nimeanza kuzikusanya nazo. Kopo la senti hizo liko pembeni ya mashine, na mgeni anayeingia mwanangu anamchagulia senti moja, anamsomea mwaka wake, halafu anamwachia azungushe mwenyewe.