Mtambo wa RO kwa Tangi la Matumbawe Dodoma: Ununue au Uache?

Karibuni tena wadau. Leo mezani tuna huu mtambo wa kuchuja maji, RO (maji yanasukumwa kwa presha yapite kwenye utando mwembamba) na DI (punje zinazonasa chumvichumvi iliyobaki), wa hatua nne. Najua wengi mlitaka nianze na taa za tangi. Taa ni nzuri, na kwenye video inapendeza. Ila ukiniuliza kinachoyaweka matumbawe hai hapa Dodoma, mamia ya kilomita kutoka baharini, nakuonyesha haya makopo meupe na mabomba yake.

Sababu ni hii. Tangi la matumbawe linataka chumvi ya 35, yaani gramu 35 kwenye kila kilo ya maji. Maji yakiruka hewani chumvi inabaki palepale. Na hewa yetu mnaijua: kiangazi ukianika nguo asubuhi, saa nne unazikunja. Sasa chukua tangi la lita 200 lisilo na mfuniko, tuseme linapoteza lita nne kwa siku. Joto la Oktoba likipanda ukawasha feni ya kupoza, ndiyo zaidi, maana feni inapoza kwa kuyarusha hayo hayo maji. Ukikaa wiki bila kuongeza kitu, lita 28 zimeondoka na chumvi imetoka 35 ikapita 40. Samaki mkubwa anaweza kuvumilia. Tumbawe linajikunja, na likijikunja hivyo usitegemee lifunguke kesho.

Kwa hiyo unaongeza maji baridi, siyo ya chumvi, kila siku. Swali ni maji gani. Fungua birika lako sasa hivi uangalie ule ukoko mweupe chini. Kuna ndugu yangu mmoja aliniambia, "Si ndiyo kalsiamu hiyo, na matumbawe yanajenga mifupa kwa kalsiamu?" Hoja nzuri. Ni kweli yanataka kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magneziamu karibu 1,300, na ukali wa kaboneti (KH) kwenye digrii 8 au 9. Lakini yanataka vyote vitatu vikae sawa, wiki hata wiki. Maji ya bomba au kisima yanaleta yanachotaka yenyewe: kaboneti nyingi leo, nitrati, silika, na kama mabomba ni ya shaba, shaba inayoua konokono na kamba. Lita nne kwa siku ni lita 120 kwa mwezi, na kila kilichokuwemo kinabaki tangini. Anayefurahi hapo ni mwani peke yake.

Haya, mtambo wenyewe. Kopo la kwanza linakamata tope na kutu. Kwa vumbi letu na kutu ya mabomba, linageuka rangi ya udongo haraka, usishtuke. La pili ni mkaa, unaondoa klorini, na hili msilifanyie ubahili, kwa sababu klorini ikipita inaharibu membreni, yaani ule utando wa RO, na membreni ndiyo roho ya mashine. Membreni inaondoa kama asilimia 95 hadi 98 ya kilichoyeyuka. Kama maji ya bomba yanasoma 600 kwenye kipimo cha TDS, kinachopima jumla ya vilivyoyeyuka majini, hapa unapata kati ya 12 na 30. Kopo la mwisho, la punje za DI, linashusha mpaka sifuri. Ikisoma zaidi ya sifuri, badilisha punje.

Sasa malalamiko yangu. La kwanza ni presha. Kwenye boksi wameandika lita 280 kwa siku. Hiyo ni kwa presha ya psi 50 au 60 (psi ni kizio cha presha) na maji ya nyuzi 25. Nyumba zetu nyingi zinakula maji ya simtanki juu ya mnara. Mnara wa mita nne unakupa presha ya kama psi 6 tu! Ukifunga hivyo, maji yatadondoka tone tone na hayatakuwa safi. Lazima ununue pampu ya kuongeza presha, na kwenye boksi haimo. Wangesema. Na Juni, usiku ukiwa wa baridi, maji yanatoka machache zaidi. Hapo mashine haina kosa.

La pili ni maji taka. Kwa kila lita moja safi, tatu au nne zinatoka kwenye bomba la pembeni. Katika mji wenye mgao wa maji hilo linauma. Mimi nayakinga kwenye pipa: ya kudekia, ya chooni, ya kuoshea gari. Mchicha usiumwagilie hayo kila siku, yana chumvichumvi zaidi ya yale yaliyoingia.

Kitu kimoja hakiko kwenye karatasi ya maelekezo: mtambo ukiwa umelala, dakika chache za kwanza maji yanayotoka membreni ni machafu. Yaelekeze kwenye ndoo nyingine kwanza, punje zako za DI zitadumu.

Na maji haya haya ndiyo unachanganyia chumvi ya bahari ya akwariamu. Chumvi ya mezani hapana, ya Uvinza hapana, hizo ni karibu sodiamu kloridi tupu. Na tafadhali, msiende kuvunja matumbawe baharini. Matumbawe magumu yote yamo kwenye mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tafuta vipande vilivyooteshwa na wafugaji.

Ununue? Kama tangi lako ni lita 100 kwenda juu, ndiyo, kabla ya taa ya gharama, na bajeti ya pampu iwe humo humo. Kama una katangi ka lita 40, acha. Mtaani kuna vituo vinauza maji ya RO kwa madumu ya lita 20. Nunua kipimo cha TDS, kinaingia mfukoni, pima pale pale kabla hujalipa. Ikisoma chini ya 10, beba. Ikisoma 80, mwambie muuzaji membreni yake imechoka, naye atakuuliza wewe ni nani.