Uzoefu wangu: injini wameifunga vizuri, sindano ya kabureta wameikata kwa koleo

Ninayo mkononi ninapoandika haya. Ni solenoidi ya kabureta, yaani kizibo cha sumaku ya umeme kwenye kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa: kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, na pale mbele inapotakiwa kuchomoza sindano kumebaki kisiki chenye alama za koleo. Aliyeikata ni fundi umeme wa gereji niliyoipelekea gari langu kubadilishwa injini. Hakuniambia. Nimekuja kugundua mwenyewe, usiku, kwa tochi ya simu.

Sitaki kumdhulumu mtu, kwa hiyo nianze na mazuri. Gari ni la miaka ya 1970, injini niliyoipata ni ya miaka ya 1980, kampuni ileile. Upande wa chuma kazi yao ilinifurahisha mno. Yule mzee anayefunga injini alihangaika na mauntingi, vile vishikizo vya injini, mpaka injini ikakaa sawasawa, klachi ikawa laini, giaboksi haina mlio. Wiki ya kwanza kila nikiegesha nilikuwa nainama kutafuta tone la oili chini. Pakavu. Nilikuwa tayari kuwaandikia sifa tupu.

Shida ilikuwa kwenye kabureta. Ile ya zamani haikuwa na waya hata mmoja, choki yake, kile kizibo kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi, ni ya kuvuta kwa mkono. Hii iliyokuja na injini ina nyaya mbili. Mmoja ni wa choki, ambayo hufunguka yenyewe umeme ukipasha springi yake joto. Wa pili ni wa hiyo solenoidi: ukiwasha ufunguo inavuta sindano na kufungua njia ya petroli ya sailensa, yaani ya injini kunguruma bila kukanyaga mafuta, ukizima sindano inarudi na kuziba. Gari la zamani halikuwahi kuwa na vitu hivyo, kwa hiyo hakuna waya unaovisubiri. Mtu lazima aamue moto, yaani umeme, autoe wapi, na kwenye kazi ya namna hii hapo ndipo fundi umeme anapojulikana.

Huyu wetu alizichukua nyaya zote mbili akazifunga kwenye chanya ya koili, ile inayokuza umeme wa cheche za plagi. Ipo karibu, inapata moto ufunguo ukiwashwa, basi. Akazungushia tepu nyeusi. Ukiangalia kwa macho, kazi safi.

Siku chache baadaye gari likaanza kuzima. Asubuhi linawaka vizuri. Likishapata joto, ukiachia mafuta tu, kimya. Ukilikanyaga linakwenda kama kawaida, ukifika kwenye foleni linakufa. Nikawa naendesha vidole vikiwa kwenye breki na kisigino kwenye mafuta, jasho linanitoka. Huku nyuma moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi. Nilifungua plagi nikakuta zimejaa masizi kama mdomo wa kibatari.

Nikarudi gereji. Fundi akachukua testa, akagusa waya wa solenoidi, taa ikawaka. "Moto upo. Kabureta yako ndiyo mbovu, tafuta nyingine." Nikamuuliza kwa adabu kabisa, fundi, mbona ile taa inawaka kwa unyonge? Akanitazama usoni. "Mzee, kama umeme unaujua, ungetengeneza mwenyewe."

Mbele ya wateja wengine. Na mimi nikanyamaza, nikamwachia gari. Hilo la kunyamaza bado linaniuma kuliko hata gari lenyewe.

Niliporudi kulichukua, sailensa ilikuwa imetulia kabisa, injini inanong'ona. Furaha niliyoipata! Nikamshika mkono, nikamwomba radhi kwa kumtilia shaka. Halafu nikazima ufunguo. Injini ikaendelea. Ufunguo nimeushika mkononi, gari linatikisika, linakohoa, linagonga, kisha likajifia lenyewe. Nikamwangalia. Akasema magari ya zamani ndivyo yalivyo, nikitaka kuzima niweke gia na kuachia klachi.

Kwa muda nilimwamini. Nikawa nazima gari langu kwa klachi kila siku kama mjinga, lile lile ambalo kwa injini yake ya kwanza lilikuwa linazima kwa ufunguo bila neno.

Kwa nini nakasirika hivi? Kwa sababu hakutengeneza kitu. Aliichomoa solenoidi, akakata sindano, akairudisha mahali pake na waya wake, ili nisijue. Sindano isipokuwepo, njia ya sailensa inakaa wazi muda wote, kwa hiyo gari halizimi kwenye foleni. Ila ukizima ufunguo hakuna kinachoziba, injini inaendelea kunyonya petroli na joto la ndani linaiwasha bila cheche ya plagi. Sindano iliwekwa pale kuzuia jambo hilohilo.

Na kosa la kwanza bado lilikuwepo. Nilinunua solenoidi nyingine, nikaazima mita, nikapima. Injini ikinguruma, betri ilikuwa na volti 14. Kwenye ule waya aliotoa kwenye koili: 8 na kidogo. Koili ya gari hili, kama magari mengi yenye platini (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili), hupewa umeme kupitia rezista, kidude cha kupunguza umeme, makusudi, ili koili na platini zisiungue. Inapata nguvu yote ya betri wakati wa kupiga stata tu. Ndiyo maana asubuhi solenoidi ilivuta: stata iliipa nguvu, ikashika. Ikishapata joto, waya wa ndani unapitisha umeme mdogo zaidi, volti 8 hazitoshi kuishikilia, sindano inaachia. Choki nayo ilikuwa inanyonya kwenye tundu lilelile, kwa hiyo haipati joto la kufunguka yote na inainyima koili nguvu ya kupiga cheche. Moshi mweusi, plagi chafu, gari kuzima, vyote kutokana na fundo moja la tepu. Na testa inawaka hata kwa volti 8! Taa ile inakuambia moto upo, haikuambii ni kiasi gani. Fundi umeme asiyebeba mita anafanya kazi gani?

Nimetengeneza mwenyewe, kama alivyonielekeza. Solenoidi nimeipa waya wake kutoka kwenye swichi ya ufunguo, kabla ya rezista, na fyuzi yake. Choki nimeipitisha kwenye rilei, swichi inayojiwasha kwa umeme, inayoamshwa na waya wa taa ya chaji, hivyo haipati umeme mpaka altaneta ianze kuzalisha. Ukiipa moto wa ufunguo moja kwa moja, inafunguka hata kama umewasha redio tu, na ukija kupiga stata injini baridi imekosa choki. Kwenye koili nimebakiza waya wake peke yake. Kazi ya mchana mmoja, na mimi si fundi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema gereji ni nzuri, wabadilishe fundi umeme tu. Sasa nimefika hapa na siwezi kusema hivyo. Mtu akipeleka gari kubadilishwa injini anapewa bei moja ya kazi yote, hakuambiwa chuma ni cha huyu na nyaya ni bahati yako. Mwenye gereji alimsikia akinijibu vile na akaendelea kuongea na simu. Msiende.

Ila yule mzee wa injini... Kilomita zote hizi na chini bado pakavu. Siku giaboksi ikinisumbua nitampelekea yeye, gari likivutwa kwa kamba, na betri nitakuwa nimeiacha nyumbani.