Kihariri huria cha kukunja msimbo: kipi uchukue kwa laptop ya Kariakoo

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo huja na RAM ya GB 4, au 8 ukiongeza hela. Vijana wanaotengenezea maduka mifumo ya stoo na risiti ndio wanunuzi wake wakubwa, na mara nyingi wenzao huwaambia wapakue kihariri (programu ya kuandikia msimbo, yaani code) kilichovuma kuliko vyote. Ushauri wangu ni mwingine: kabla ya umaarufu, angalia kinakunjaje msimbo, yaani kinavyoficha kwa muda mistari ya ndani na kukuachia vichwa vyake tu. Faili la PHP (lugha ya kuandikia tovuti) lenye mistari 2,000, kwenye kioo cha inchi 14, linakuonyesha mistari kama 40 tu kwa mkupuo. Ukilikunja likabaki majina ya fankisheni peke yake, unajua ulipo na unapokwenda. Usipoweza, utashinda ukizungusha gurudumu la mausi.

Vyote vitano vilivyo kwenye orodha hii ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na havina bei. Unavilipia kwa bando la kupakulia, kwa RAM na kwa muda wa kuvizoea, na hivyo ndivyo nilivyovipima.

Kukunja kuna namna tatu. Kuna kunakofuata sarufi ya lugha yenyewe, yaani kihariri kinatambua mabano yanapofunguka na kufungwa, au tagi ya HTML inapoanzia na kuishia. Kuna kunakofuata nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari. Kwa Python kunafaa sana, lakini faili likiwa limepangwa ovyo, mikunjo nayo inakuwa ovyo. Namna ya tatu ni alama unazoziweka mwenyewe. Kwa vyovyote vile, faili halibadiliki hata herufi moja. Kilichofichwa kipo, na ukiona namba za mistari zimeruka kutoka 12 hadi 87 ujue katikati pamekunjwa.

Namba moja: Notepad++, kwa mwenye Windows. Mtengenezaji wake, Don Ho, aliitoa mwaka 2003 na bado haijapatiwa mpinzani kwenye mashine dhaifu. Faili la kuisakinisha ni MB chache tu, na lipo toleo la kubeba kwenye flashi, linalomfaa mwanafunzi anayetumia kompyuta za maabara ya chuo asizoruhusiwa kusakinishia kitu. Alt+0 inakunja faili zima, Alt+Shift+0 inalikunjua. Ila utamu wake uko kwenye viwango: Alt+1 inakunja ngazi ya nje, Alt+2 ngazi ya pili, hadi Alt+8. Ukirithi msimbo wa mtu usiyemjua, anza na Alt+2 na ndani ya dakika moja utaona klasi zake zina nini. Ukifanya kazi kwa lugha isiyoitambua, unaweza kuifundisha lugha hiyo, ukaiambia mkunjo unaanza na neno gani na kuishia na lipi.

Kuna jambo jingine linaloipa nafasi ya kwanza katika jiji letu. Betri za laptop za mtumba huwa zimechoka, na umeme ukikatika kompyuta inazimika hapo hapo. Notepad++ huweka nakala ya kile ambacho hujahifadhi, kwa kawaida kila sekunde 7, na ukiiwasha tena inakirudisha. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: imetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee.

Namba mbili: Kate. Kwa anayetumia Linux, hii ndiyo ya kwanza bila ubishi. Inatoka kwa KDE, mradi wa programu huria unaojulikana zaidi kwenye Linux, inatambua lugha mamia, na kwa Python inajua kufuata nafasi za mwanzo wa mstari bila kuambiwa. Ninachokipenda zaidi ni kwamba ukipeleka kielekezi kwenye alama ya mkunjo iliyo pambizoni, inakuonyesha kilichomo ndani bila kukifungua. Unachungulia, unaendelea. Ipo ya Windows pia, ingawa kwenye mashine yenye GB 4 bado ningechukua Notepad++.

Namba tatu: VSCodium. Hapa pana watu wengi wanaochanganya mambo. Msimbo wa VS Code, kihariri maarufu cha Microsoft, ni huria kwa leseni ya MIT, lakini programu unayoipakua kwa Microsoft inakuja na leseni yao wenyewe na inatuma taarifa za matumizi. VSCodium inajengwa kutokana na msimbo ule ule bila hayo, na nyongeza zake inazichukua Open VSX badala ya soko la Microsoft. Kukunja kwake ni kuzuri mno: Ctrl+Shift+[ inakunja ulipo, Ctrl+K kisha Ctrl+0 inakunja vyote, Ctrl+K kisha Ctrl+J inakunjua. Unaweza hata kuchagua mistari yoyote na kuigeuza kuwa mkunjo wako. Sasa kwa nini ya tatu? Imejengwa juu ya Electron, maana yake unawasha kivinjari kizima ili uandike. Kwa GB 4, fungua na Chrome pembeni uone mashine inavyohema. Ukiwa na GB 8 na SSD, ipandishe hadi namba moja.

Namba nne: Vim. Nafasi hii ni kwa sababu ya muda wa kujifunza tu, maana kwa uwezo wa kukunja hakuna hapo juu anayeifikia. Ina namna zote tatu na zaidi. Andika `:set foldmethod=indent` au `syntax` au `marker`, kisha `za` inakunja na kukunjua ulipo, `zM` inafunga vyote, `zR` inafungua vyote. `:mkview` inahifadhi mikunjo na `:loadview` inairudisha kesho yake. Tahadhari: ukibonyeza `dd` juu ya mkunjo uliofungwa, unafuta mkunjo mzima. Kuhamisha fankisheni nzima kwa herufi mbili ni raha, lakini lazima ujue unachokifanya. Na kwenye seva ya kukodi, andika kwanza `vim --version` uangalie kama kuna `+folding`. Matoleo yaliyopunguzwa huweza kuonyesha `-folding`.

Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki Agosti 2023, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na hadi leo programu inapofunguka inawaomba watumiaji wawakumbuke watoto wa huko. Kwa sisi majirani, hilo ni jambo la kuheshimu.

Namba tano: Geany. Nyepesi, inatumia injini ile ile ya kuonyesha na kukunja msimbo, Scintilla, iliyo ndani ya Notepad++, na inakwenda Linux na Windows. Kama Kate haiingii kwenye mashine yako, chukua hii.

Emacs nimeiacha nje ya orodha kwa sababu kukunja msimbo inabidi ukuwashe mwenyewe kwa `hs-minor-mode`. Anayeandika maelezo marefu aijaribu kwa ajili ya Org, sehemu yake ya kuandikia maelezo, ambako kitufe cha Tab kinakunja vichwa vya habari. Atom usiipakue tena; ilifungwa Desemba 2022, na waliobaki nayo wana Pulsar, kihariri kilichotokana nayo. Sublime Text ni nzuri ila si huria. Nano haikunji kabisa.