Kwa fundi redio wa ghorofa ya 2: alichobadilisha na alichokiacha

Karakana ninayoizungumzia haina bango. Ni chumba kimoja cha ghorofa ya 2 katika jengo lililo kando ya Barabara ya Ben Kiwanuka, Kampala, karibu na kituo cha zamani cha teksi, na wapangaji wa jengo hilo humwita mwenyewe kwa kazi yake tu: fundi redio. Nilimpelekea risiva (redio na amplifaya katika kasha moja) ya Pioneer ya mfululizo wa SX, ambayo marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliinunua Nairobi mwaka 1976 na kuileta kwa gari moshi hadi kwenye nyumba za reli za Nsambya tulikokulia. Kwa miaka mingi kitufe chake cha FM kilikuwa pambo tu nyumbani kwetu, mpaka stesheni za binafsi zilipoanza kurusha matangazo mwaka 1993. Miaka ya karibuni risiva hiyo ilikuwa ikivuma mvumo mzito hata sauti ikizimwa kabisa, na spika ya kushoto ilikuwa ikikwaruza.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwa fundi mwingine, ambaye alipendekeza aondoe matumbo yote ya chombo na kuweka bodi ndogo ya Bluetooth ndani ya kasha lile lile la mbao. Nilikifunga chombo changu katika blanketi na kuondoka nacho.

Huyu mzee wa ghorofa ya 2 hakuanza kwa kufungua. Aligeuza risiva, akavaa miwani, akasoma bati la nyuma, kisha akaniuliza ni nani aliyewahi kugusa plagi ya kuchagua volti. Ilikuwa imewekwa kwenye 220, nasi tunatumia umeme wa volti 240. Alinieleza kwa kalamu juu ya kipande cha boksi: ukiingiza volti 240 mahali panapotarajiwa 220, kila volti inayotoka kwenye transfoma hupanda kwa takriban asilimia 9, hivyo kapasita, kile kipuri cha kuhifadhi umeme kwa muda, iliyopaswa kubeba volti 45 hubeba 49, na mpaka wake ni 50. Risiva yetu iliishi hivyo, ukingoni, tangu ilipotoka dukani. Mafundi watatu niliowahi kuwapa kazi kabla yake hawakuliona jambo hilo, nami nakiri kwamba sikuliona pia, ijapokuwa nimeifuta vumbi plagi hiyo mara zisizohesabika.

Mvumo wenyewe ulitoka kwenye kapasita mbili kubwa za kichujio cha umeme. Kapasita za aina hiyo zina karatasi ya alumini iliyoviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa kimiminika. Kimiminika hicho hupenya polepole kwenye mpira wa kizibo na kukauka, na joto huharakisha ukaukaji, kiasi kwamba mafundi huhesabu kuwa kila nyuzi 10 za ziada hupunguza uhai wa kapasita kwa nusu. Ikikauka haiwezi tena kulainisha mawimbi ya umeme uliogeuzwa, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kuugeuza huzidisha mawimbi mara mbili, kinachosikika kwenye spika ni mvumo wa hezi 100. Aliziondoa zote mbili na kuweka mpya za volti 63, za kustahimili nyuzi 105. Nilipomwomba aongeze uwezo wake maradufu, kama wanavyoshauriana wapenzi wa muziki, alikataa: kapasita kubwa mno huvuta umeme mwingi kwa mkupuo chombo kinapowashwa, na diodi za zamani, vipuri vinavyougeuza umeme huo, ndizo zinazoumia.

Kapasita za plastiki na za kauri aliziacha, kwa sababu hazina kimiminika cha kukauka na alipozipima zilikuwa bado katika kiwango chake. Rezista, vipuri vya kuzuia umeme usipite kupita kiasi, aliacha karibu zote. Hili ndilo lililonifanya nimwamini, kwani kila kinachong'olewa ni nafasi ya kuharibu mstari wa shaba ulioshikana na bodi kwa gundi ya karibu miaka 50.

Tulichobishana ni transista za nguvu za upande wa kushoto, vipuri vinavyoisukuma spika. Alitaka kuweka jozi aliyoichomoa kwenye amplifaya iliyokufa, nami nilitaka mpya. Hakusema neno. Alichukua kutoka kwenye kopo transista mbili za 2N3055, akazibana kwenye jiliwa na kuzikata vifuniko kwa msumeno wa chuma. Ndani ya moja, ya zamani, kulikuwa na kipande cha silikoni cha kijivu kilichotanda katikati ya kitako chake kama stempu kwenye bahasha. Ndani ya ile mpya, aliyoinunua dukani kwa nia njema, kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na waya zake zilikuwa nyembamba kama unywele. Maandishi ya nje yalifanana, yote mawili yakidai kubeba ampea 15, mzigo ambao kipande kidogo vile hakiuwezi.

“Kijana wangu,” aliniambia, “hii mpya itakuimbia wimbo mmoja.”

Nilikubali zile kuukuu. Alizipima mbele yangu na kuzipaka mafuta mapya ya kupitisha joto, kisha akaiwasha risiva kupitia balbu ya kizamani ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfuatano. Balbu iling'aa mara moja, ikafifia hadi uzi wake ukabaki mwekundu hafifu, naye akapumua. Ingeendelea kung'aa, maana yake kungekuwa na shoti mahali fulani, na balbu ingekuwa imeziokoa transista.

Malalamiko ninayo. Aliniahidi wiki 2, zikawa 5, na simu yake huwa imezimwa hadi saa sita mchana. Niliporudi nyumbani kitasa cha sauti kilikuwa bado kinakwaruza, ikanilazimu kupanda ngazi zile tena nikiwa na mzigo wa kilo nyingi ili akisafishe, ingawa mara ya pili hakunitoza kitu. Jumla nililipa shilingi 260,000, ambapo 110,000 zilikuwa za vipuri, na stakabadhi yake ni ya mkono. Vipuri vyote alivyoviondoa alinirudishia katika bahasha ya kaki, kila kimoja kikiwa na namba ya mahali kilipotoka, jambo ambalo sijaliona katika karakana nyingine yoyote mjini.

Sauti sasa ni safi; usiku, nyumba ikiwa kimya, naweka sikio kwenye spika na sisikii mvumo. Kilichoniudhi hasa ni taa. Balbu iliyomulika kioo cha stesheni ilikuwa imeungua, naye akaweka taa ya LED nyeupe yenye rangi ya buluu, hivi kwamba risiva ya baba sasa inang'aa kama duka la simu. Nilimweleza, akacheka, akaniomba subira: anaijua redio ya Grundig iliyokufa huko Tororo ambayo balbu zake za manjano bado ni nzima, na mwenyewe ameshakubali kuiuza.