Simu ngumu zenye redio koli: Unihertz Atom XL na wenzake kwa kazi za Unguja na Pemba

Ukiingia maduka ya simu ya Mlandege au Darajani ukaulizia "simu ya redio koli", utaletewa vitu viwili tofauti kwa jina moja. Cha kwanza ni simu ngumu ya kawaida yenye kitufe cha ziada ubavuni. Ukikibonyeza inafunguka programu ya intaneti kama Zello, na sauti yako inapitia mnarani. Bando likikatika, redio nayo imekwisha. Cha pili kina redio kamili ndani yake pamoja na tundu la kufungia antena, na kinazungumza na redio nyengine moja kwa moja, bila ya laini wala mnara. Tunachokipima hapa ni hicho cha pili. Muuzaji mara nyingi hajui tofauti, au anaijua na anainyamazia.

Kipimo cha dukani ni chepesi. Toa laini zote, zima Wi-Fi, funga antena, kisha iite redio koli ya kazini kwenu uliyokwenda nayo. Ikiitikia, ni redio. Ikizungusha duara na kudai intaneti, irudishe. Hapo hapo bonyeza *#06#, hakikisha IMEI (namba za utambulisho wa simu) zinazotokea kwenye kioo zinalingana na zilizo kwenye boksi, na uzitume kwenda 15090, huduma ya kuhakiki simu ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla hujatoa pesa.

Kati ya zinazojulikana, tunaipendelea Unihertz Atom XL ya 2020. Kioo chake ni cha inchi 4 tu, betri mAh 4,300, hifadhi GB 128, na redio yake inafanya kazi kati ya megahezi 400 na 480 kwa nguvu isiyozidi wati 2, analogi na dijitali ya DMR (mfumo wa redio za kidijitali unaotumiwa na kampuni nyingi). Udogo ndio sifa yake: inaingia mfuko wa kaptula na unaiendesha kwa mkono mmoja. Blackview BV9500 Pro ya 2018 ina betri ya mAh 10,000 na kioo cha inchi 5.7. Kwa mlinzi wa hoteli anayekesha, betri ile ni neema. Kwa mtu wa mashua ni tofali. Zote mbili zilitoka na Android za zamani, 10 kwa Unihertz na 8.1 kwa Blackview, kwa hiyo usizitegemee kwa programu za benki. Nunua redio iliyo na simu, si simu iliyo na redio.

Betri nayo ina hesabu yake. Kurusha wati 2 kunakula wati 5 hivi kutoka kwenye betri, maana nusu na zaidi inapotea kuwa joto. Betri ya mAh 4,300 ina kama wati-saa 16, kwa hiyo ukishikilia kitufe bila kuachia ungepata saa tatu na kidogo. Hakuna anayezungumza hivyo, lakini wapo wanaoacha kitufe kimebanwa na mkoba au kamba ya nyavu. Simu inapata moto, betri inashuka, na wenzako wote hawawezi kusema neno kwa sababu chaneli imeshikwa. Weka kikomo cha muda wa kurusha, sekunde 60 zinatosha, ikiwa programu ya redio inakuruhusu.

Umbali mrefu unaoandikwa kwenye boksi usahau. Mawimbi ya UHF, kama haya ya megahezi 400 hadi 480, yanataka antena mbili zionane, na upeo wake unahesabika: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta mzizi wake wa pili, zidisha kwa 4.12, upate kilomita. Mtu aliyekaa ndani ya ngalawa antena yake iko mita moja juu ya maji, basi upeo wake ni kilomita 4; wawili wa namna hiyo wanaishia kilomita 8, hata kama kila mmoja angekuwa na wati 50. Na hizi ni wati 2 kwa antena fupi. Wimbi la megahezi 450 lina urefu wa sentimita 67, robo yake ni kama 16.7, na antena inayokuja na simu ikiwa fupi kuliko hapo inalipa kwa nguvu. Chombo kwa chombo, tarajia kilomita 3 hadi 5 bahari ikiwa tulivu, na pungufu wakati wa kusi kali, wimbi linapokuficha kila dakika.

Dawa yake ni kimo. Antena ya redio ya kituo ikiwekwa juu ya paa, mita 10 kutoka chini, upeo wake peke yake unafika kilomita 13. Hoteli ya Nungwi au Kiwengwa yenye boti za watalii itafaidika zaidi na redio moja ya mezani yenye antena juu kuliko kuongeza simu ya tatu.

Nchi kavu inategemea uko wapi. Mji Mkongwe kuta za mawe na chokaa ni nene, vichochoro vinapinda, na mita mia kadhaa zinakutosha kupotea. Usiahidi mtu kuwa wa Shangani atamsikia wa Darajani. Pemba ni vilima na mabonde: aliyeko bondeni kwenye mpunga na aliye upande wa pili wa kilima kwenye karafuu hawatasikizana, ila mmoja apande juu. Pahala inapong'ara ni pwani ya mashariki ya Unguja. Paje na Jambiani maji yakitoka, wakulima wa mwani na wasimamizi wao wanatawanyika kwenye mchanga ulio sawa, hakuna ukuta wala kilima, na mnara nyuma ya minazi mara nyingi unasuasua. Hapo simu hii inafanya kazi yake vizuri kuliko tulivyotegemea kwa wati 2.

Sasa baharini, ambako watu wanadanganyika. Redio za vyombo vya baharini ni VHF, yaani za megahezi za chini kuliko hizi. Chaneli 16, ya wito na dharura, iko megahezi 156.8. Simu hizi zinaanzia 400. Boti ya abiria ikipita mbele yako ukaita mpaka sauti ikauke, nahodha wake hatasikia kitu, kwa kuwa redio yake haisikilizi huko kabisa. Kati ya Nungwi na kusini mwa Pemba kuna kama kilomita 50, hakuna simu ya aina hii itakayovuka hapo. Zaidi ya hayo, simu hizi huzama, na redio nyingi za VHF za mkononi za baharini huelea na hurusha wati 5. Anayekwenda nje ya mwamba achukue VHF ya baharini kwanza. Simu ya redio ni ya kuzungumza na mashua mwenza, basi.

Kuhusu maji: alama ya IP68, ya kuzuia maji na vumbi, hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, aghalabu kina cha mita 1.5 kwa dakika 30. IP69K, ambayo Blackview inayo, ni ya maji ya moto yenye kasi kubwa. Hakuna kati ya hizo inayozungumzia chumvi. Kinachoua simu hizi Zanzibar ni tundu la chaji: maji ya bahari yakibaki ndani ukachomeka waya, umeme unayala madini ya tundu na unaona kutu ya kijani. Ukitoka baharini funga vifuniko, isafishe kwa maji ya mfereji, ikung'ute, iache kivulini mpaka ikauke, ndipo ufungue tundu uchungulie. Punje moja ya mchanga kwenye mpira wa kifuniko inatosha kuingiza maji. Ipanguse kwa kitambaa chororo, usitumie pini.

Kuipanga si kazi ngumu, ila mpangilio una utaratibu. Antena kwanza, siku zote: ukirusha bila antena nguvu inarudi ndani na inaweza kuunguza sehemu ya kurushia, na fundi wa simu wa kawaida hana kifaa cha kuibadilisha. Kisha fungua programu ya redio, chagua analogi au dijitali, andika masafa (megahezi) ya kupokea na ya kurusha. Kwa analogi weka toni ya CTCSS (mlio wa chini unaofungua redio za kundi lenu tu) sawa na ya wenzako, mfano 88.5. Kwa DMR vitu vitatu lazima vifanane: kodi ya rangi (kwa Kiingereza "color code", namba kutoka 0 hadi 15), nafasi ya muda (1 au 2) na namba ya kundi. Ukibonyeza, subiri sekunde moja ndipo useme. Mwenye haraka hukatwa neno la mwanzo, na "usije" ikasikika "je".

Hitilafu zinajieleza zenyewe. Alama ya kupokea ikiwaka bila sauti, masafa ni sawa, kilichokosea ni toni, kodi ya rangi au kundi. Isipowaka kabisa, angalia masafa. Unasikia lakini husikiki: masafa ya kurusha yamekosewa, au toni imewekwa upande wa kupokea tu. Hoteli yenye redio za DMR za kampuni nyengine itazungumza nazo, ila usimbaji wa siri wa kampuni moja mara nyingi hauelewani na wa nyengine; uzime, au baki analogi.

Masafa hayaokotwi. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha masafa kinatolewa na TCRA, na ofisi yao ya Zanzibar inapokea maombi. Video za mtandaoni zitakwambia megahezi 446 ni huru: huo ni utaratibu wa Ulaya, na hata huko ni nusu wati kwa antena isiyofunguka. Simu inayoweza kuandikwa masafa yoyote kati ya 400 na 480 inaweza pia kukuangusha juu ya masafa ya watu wasiopenda mzaha.

Na ukinunua, nunua antena ya akiba siku hiyo hiyo. Inayofungwa kwa skrubu hulegea ikibebwa mfukoni, na siku ikidondoka majini usitegemee antena ya Baofeng, redio koli ya Kichina ya bei nafuu, kuokoa, kwani nyuzi za skrubu zake huenda zisilingane. Kukaza kwa nguvu kunavunja tundu. Kaza kwa vidole viwili, ikigota inatosha.