Programu ya kukumbusha makataa ya kodi: uzoefu wangu na Oktoba 20

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa programu hii nyota tatu. Nimesoma tena majibu waliyonitumia na sasa naona mbili ni nyingi. Tuone tutafika wapi.

Jina lake nimeliacha. Ni moja ya zile programu za simu zinazomuahidi mfanyabiashara mdogo kwamba akishajaza aina ya biashara yake na kodi anazolipa, hatasahau tena siku ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Unachagua nchi, unachagua kodi, kalenda inajijaza yenyewe kwa mwaka mzima, arifa zinakuja. Ada unalipa ya mwaka mzima mapema, na nililipa.

Tatizo ni moja. Makataa yakiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, programu inayasogeza mbele hadi siku ya kazi inayofuata. Haikuulizi. Tarehe mpya inawekwa rangi ya kijani na ile ya zamani inafutwa kabisa, kwa hiyo hata ukiwa makini huoni kwamba kuna kitu kimehama.

Kenya hatuhesabu hivyo. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kinasema kinyume chake: siku ya kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi) au ya kulipa kodi ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya umma, makataa ni siku ya kazi iliyotangulia. Iliyotangulia! Tarehe inarudi nyuma. Mtu anayeuza kalenda ya kodi Kenya na hajui hili hajui kitu cha kwanza kabisa katika kazi yake.

Chanzo cha kosa nakijua. Marekani, ritani ya mtu binafsi ni Aprili 15, na ikigongana na wikendi au sikukuu inasogea mbele. Mwaka 2022 na 2023 ilifika Aprili 18 kwa sababu hiyo. Kanuni ile ni halali kwao. Waliotengeneza programu waliichukua ilivyo, wakabandika tarehe zetu juu yake, wakaanza kutoza ada.

Sasa tazama Oktoba, maana hapo ndipo uzembe huu unapouma. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Septemba, kodi ya mauzo ile ya TOT, na kodi ya kila mwezi ya nyumba za kupangisha, zote tatu makataa yake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Oktoba 20 ni Sikukuu ya Mashujaa, kila mwaka bila kukosa. Maana yake hakuna mwaka hata mmoja ambao ritani ya VAT ya Septemba inapaswa kungoja hadi tarehe 20 yenyewe. Kila mwaka inarudi nyuma. Hili si jambo la kutokea mara moja katika miaka saba ambalo mtu anaweza kusamehewa asiposhtuka. Ni sikukuu ya taifa inayojulikana tangu Januari, imekaa juu ya tarehe kubwa kuliko zote za biashara ndogo, na programu inaikosea kila mwaka.

Oktoba iliyonifungua macho ni ile ambayo Mashujaa iliangukia Jumapili. Sikukuu ikiwa Jumapili, Jumatatu yake nayo huwa mapumziko. Programu ikaruka Jumapili, ikaruka Jumatatu, ikatua Jumanne tarehe 22. Sheria ilitaka Ijumaa tarehe 18. Hata mtu akitaka kubishana kuhusu kifungu cha 77 na kushikilia kwamba tarehe 20 ni tarehe 20, Jumanne ile bado ni kuchelewa. Hakuna namna ya kuisoma sheria ya Kenya ikakupa tarehe 22.

Hesabu ya gharama, kwa VAT ya shilingi 84,000. Adhabu ya kuchelewesha ritani ya VAT ni 5% ya kodi au shilingi 10,000, inachukuliwa iliyo kubwa. 5% ni 4,200, kwa hiyo ni 10,000. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni 5% nyingine, 4,200. Riba ni 1% kwa mwezi, na sehemu ya mwezi inahesabiwa mwezi mzima, kwa hiyo siku chache tu zinakuletea 840. Jumla shilingi 15,040. Duka ambalo faida yake ya mwezi ni elfu arobaini limepoteza zaidi ya theluthi yake kwa sababu ya rangi ya kijani kwenye simu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliweka picha ya skrini, namba ya kifungu na maneno ya kifungu. Jibu lilikuja siku ya tatu: tarehe zao zinafuata utaratibu wa kimataifa, mteja ana wajibu wa kuthibitisha mwenyewe na mamlaka ya nchi yake, na suala limefungwa. Utaratibu wa kimataifa wa kodi ya Kenya! Nikaandika tena, kwa heshima bado, nikiwaeleza kwamba nahitaji warekebishe kabla wengine hawajaumia. Mhudumu wa pili aliyejibu aliniuliza kama nina hakika nasoma sheria ya nchi sahihi, kisha akafunga mazungumzo kabla sijajibu.

Kukosea naweza kuvumilia. Sheria za kodi zinabadilika karibu kila mwaka na hakuna anayezijua zote. Lakini kuonyeshwa kosa lako, limeandikwa kwa namba, halafu umwambie mteja aliyekulipa kwamba hajui nchi anayoishi, hilo ni dharau.

Nisiwe mkali kupita kiasi, kuna mambo wamefanya vizuri. Programu inatenganisha siku ya kulipa na siku ya kuwasilisha, na hapo wengi huumia. Kwa mtu binafsi ritani ya mwaka ni Juni 30, lakini salio la kodi ya mwaka huo lilipaswa kulipwa kufikia Aprili 30. Watu hungoja Juni, wanajaza ritani kwa fahari kwamba hawajachelewa, halafu wanakuta adhabu ya 5% na riba ya Mei na Juni. Programu inaziweka tarehe mbili, na arifa ya Aprili inasema wazi kwamba ni ya malipo. Inamkumbusha pia mwenye PIN (namba ya mlipakodi) asiyekuwa na mapato kwamba ritani ya sufuri bado ni ritani na kuikosa ni shilingi 2,000. Kwa hayo mawili nilikuwa tayari kuwapa nyota zao.

Ningesifu pia upande wa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, tarehe 9 ya kila mwezi, maana arifa zake zinakuja mapema na zinataja mwezi wa mshahara unaohusika. Lakini nimetazama mwaka 2026. Mei 9 ni Jumamosi. Programu imeweka Jumatatu tarehe 11. Inapaswa kuwa Ijumaa tarehe 8. Agosti 9 ni Jumapili, imeweka tarehe 10 badala ya 7. Na PAYE ndiyo yenye adhabu kali kuliko zote kwa ritani iliyochelewa: 25% ya kodi au shilingi 10,000, iliyo kubwa. Kwa hiyo sifa hiyo naiondoa.

Na kodi ya awamu ndiyo mbaya zaidi. Anayepaswa kulipa kodi ya awamu, yaani ambaye kodi yake ya mwaka inazidi shilingi 40,000 na haijakatwa yote kwenye mshahara, analipa robo nne: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Wengi wetu tunatumia njia ya 110% ya kodi ya mwaka uliopita. Kodi ya mwaka jana ikiwa 240,000, unachukua 264,000, unagawanya kwa nne, kila awamu 66,000. Kwa mwaka 2026, Juni 20 ni Jumamosi, Septemba 20 ni Jumapili, Desemba 20 ni Jumapili. Awamu tatu kati ya nne zimeangukia wikendi, na zote tatu programu imezisukuma hadi Jumatatu. Tarehe sahihi ni Juni 19, Septemba 18 na Desemba 18. Kila awamu ya 66,000 iliyochelewa ni 3,300 ya adhabu na 660 ya riba. Mara tatu.

Aprili ya 2025 ilikuwa funzo tosha kwa yeyote aliyetaka kujifunza. Aprili 20 ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 18, Jumatatu ya Pasaka tarehe 21. Kwa kifungu cha 77 makataa ya VAT na ya awamu ya kwanza yalirudi hadi Alhamisi tarehe 17. Kwa hesabu ya programu ilikuwa Jumanne tarehe 22. Siku tano kamili kati ya tarehe mbili! Na hao ndio wanaosema suala limefungwa.

Kuna mengine madogo. Kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo unayomlipa mwingine, bado wameiweka tarehe 20, wakati Sheria ya Fedha ya 2023 iliigeuza kuwa ndani ya siku tano za kazi baada ya kukata. Kodi ya namna hiyo haiwezi kuwekewa tarehe moja ya mwezi. Ni lazima programu ikuulize ulikata lini, ianzie hapo kuhesabu. Na arifa ya siku yenyewe hulia saa tisa usiku, dalili kwamba saa yao haijui Afrika Mashariki iko mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa saa tatu. Haya ningeyameza.

Kwa aliyekwisha kulipa ada na hataki ipotee, ipo njia ya kuitumia bila kuumia. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya siku za mapumziko, imefichwa chini ya lugha na sarafu, uchague kutosogeza tarehe. Hapo utarudishiwa tarehe ghafi: 9, 20, Aprili 30, Juni 30. Kisha kaa na kalenda ya mwaka mzima upitie kila tarehe kwa mkono. Ikiangukia wikendi au sikukuu, irudishe hadi siku ya kazi iliyo kabla yake. Usisahau kwamba siku hiyo nayo inaweza kuwa sikukuu, kama Ijumaa Kuu. Sikukuu za Idd zinategemea kuandama kwa mwezi, na serikali inaweza kutangaza mapumziko ya ghafla katika Gazeti Rasmi siku chache tu kabla, kwa hiyo tarehe 9 na 20 zitazame tena mwanzoni mwa kila mwezi.

Arifa ya kwanza usiiweke siku moja kabla. Weka siku tano za kazi kabla, hasa kwa VAT. Manunuzi unayodai yanapaswa kuwa na ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na msambazaji ambaye hajatoa yake hatapatikana jioni ya siku ya mwisho. Ukishawasilisha ritani kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ndipo unatengeneza namba ya malipo, ile PRN, kisha unalipa kwa benki au M-Pesa. Ritani bila malipo ni nusu ya kazi, na programu hii inakuondolea arifa zote mbili mara tu unapogusa kwamba umewasilisha. Usiguse mpaka pesa zimeonekana kwenye akaunti yako ya iTax.

Nikiangalia nilichoandika hapo juu, nimekueleza namna ya kufanya kwa mkono kazi yote uliyoilipia programu ikufanyie. Ukishazima kusogeza tarehe, ukapitia miezi kumi na miwili mwenyewe, ukahesabu kodi ya zuio mwenyewe, kilichobaki ni kengele, na kengele ipo kwenye kila simu bila ada. Nyota moja. Ile ya pili niliyokuwa nimewaachia ilikuwa ya Aprili 30, na nimeiondoa kwa sababu ya yule aliyeniuliza kama najua nchi yangu.

Asubuhi hii nimeifungua tena kuona kama wamerekebisha chochote tangu niwaandikie. VAT ya Septemba 2026 makataa yake ni Jumatatu, Oktoba 19. Wao bado wameandika Jumatano, Oktoba 21, kwa kijani.