Darubini ya milimita 70 kutoka Kariakoo: nimeijaribu Januari nzima kwa sayari nne

Wadau, hii darubini nimekaa nayo Januari yote ya 2025 kabla ya kuandika chochote, maana kitu cha laki tatu na nusu huwezi kukisifia siku ya kwanza kikiwa bado kinanukia boksi. Ni ile yenye kioo cha mbele cha milimita 70 na urefu wa fokasi milimita 700, Kariakoo utaikuta kwenye maduka kadhaa ikiwa na stika tofauti tofauti. Niliinunua makusudi kwa ajili ya mwezi huo kwasababu sayari nne zilikuwa zinaonekana kwa pamoja usiku ukianza, Zuhura na Zohali magharibi, Mshtarii juu, Mirihi inachomoza upande wa mashariki, na zote unaziona kwa macho matupu, sasa nikataka kujua zikisogezwa karibu zinakuwaje.

Nianze na kilichoniudhi. Boksi limeandikwa inakuza mara 525, hiyo namba isikupeleke dukani. Wanaipata kwa kuchukua lenzi ya milimita 4 na kuiongezea kile kipande cha kukuza mara tatu, ukigawanya 700 ya fokasi kwa 4 halafu ukazidisha kwa tatu inakuja 525 kweli, ila kioo cha milimita 70 ukikivusha mara 140 hivi mwanga hautoshi tena, unabaki na ukungu unaotetemeka. Nilijaribu hata kwa mwezi, mwezi jamani, ulivyo mkubwa vile, nikaona weupe tu. Kile kipande kipo kwenye boksi mpaka leo. Lenzi za kufanyia kazi ni mbili, ya milimita 25 inakupa mara 28 na ya milimita 10 inakupa mara 70, basi.

Halafu stendi. Miguu ni myepesi mno, ukigusa tu kifundo cha kufokasi sayari inacheza sekunde tatu nne ndo itulie, na sisi tupo Kigamboni karibu na bahari, upepo wa kaskazi ukianza ndo kabisa. Nilirudi dukani muuzaji akaniambia ndo zilivyo zote. Dawa niliyoipata mwenyewe ni kuifupisha miguu mpaka mwisho, mimi nakaa kwenye kigoda, halafu pale katikati naning'iniza mfuko wa mchanga kama kilo tano. Ikatulia. Tangu siku hiyo ndo nikaanza kuipenda.

Kile kidarubini kidogo cha kulengea kirekebishe mchana, usisubiri usiku. Tafuta mnara wa simu ulio mbali, uweke katikati kwenye darubini kubwa, halafu kaza skrubu za kile kidogo mpaka mnara uleule ukae kwenye msalaba. Wiki ya kwanza sikufanya hivo nikawa nazunguka angani nusu saa nzima naitafuta Mshtarii na huku kwa macho naiona inawaka pale juu. Na mchana huo usiielekeze kwenye jua hata kwa bahati mbaya, jicho linaungua papo hapo, na watoto wasiachiwe nayo peke yao.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, Mshtarii. Kwa huku Dar Januari ile saa tatu usiku ilikuwa juu sana upande wa kaskazini, si mbali na Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wanasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Weka lenzi ya 25, fokasi taratibu, utaona kiduara cheupe na vinukta vinne vimejipanga mstari mmoja kama shanga kwenye uzi, hiyo ndo miezi yake minne mikubwa. Kesho yake ukirudi vimehama, kilichokuwa kushoto kipo kulia, kingine kimejificha. Galileo alianza kuviona Januari 7, 1610 kwa darubini iliyokuza kama mara 20, yani hii ya Kariakoo inakuza zaidi ya ile, na mimi nikafanya kama yeye, nikawa nachora kwenye daftari kila usiku anga likiwa safi. Ukipandisha mpaka mara 70 na hewa ikiwa imetulia unaona na mistari miwili ya kahawia imeizunguka katikati. Hapo tu pesa yangu ilirudi.

Zuhura iangalie mapema kabla giza halijakolea, usiku inang'aa mpaka inaumiza jicho na umbo huoni vizuri. Tarehe 10 ilikuwa mbali kabisa na jua kwa jinsi tunavyoiona huku chini, na kwenye darubini ni nusu duara kamili, kama mwezi wa siku ya saba. Mirihi tarehe 16 ilikuwa upande wa pili kabisa wa jua, nafasi ambayo inajirudia kila baada ya miezi 26 hivi, na siku nne kabla ilikuwa imetukaribia mpaka kilomita milioni 96. Pamoja na ukaribu huo kwenye lenzi ya 10 ni punje ya mtama ya rangi ya chungwa, usitegemee zaidi kwa kioo hiki.

Zohali ndo ina hadithi. Jumamosi ya tarehe 18 ilipita karibu na Zuhura, nafasi kati yao kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono, na saa mbili kasoro umeme ukakatika mtaa mzima, majirani wakatoka nje, tukapanga foleni kwenye kigoda. Kwa mara 70 sayari inatoka kwenye lenzi ndani ya dakika mbili tatu kwasababu dunia inazunguka, kwahiyo kila anayeinuka lazima nilenge upya. Bibi yangu alipokaa akasema haoni kitu. Nikamwambia bibi vua kwanza miwani, nikamzungushia kifundo kidogo kidogo mpaka akanishika mkono, "hapo hapo, usiguse." Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, mbona ni kama nyanya imechomwa kijiti cha mshikaki?" Na ndo ilivyokuwa kweli, maana pete za Zohali mwaka huo zilikuwa zinatugeukia kwa ubavu, Machi 23 ndo zikawa laini kabisa, kwahiyo Januari unaona mstari mwembamba umepita katikati ya duara. Kama ulizoea picha za vitabuni usiirudishe darubini dukani, kuanzia hapo pete zinafunguka pole pole mwaka hadi mwaka.

Kwa bei ile naipa 7 kati ya 10, tatu nimezikata kwa ajili ya stendi na lile bandiko la mara 525. Kujua ipi ni ipi angani tumia programu ya Stellarium kwenye simu, ni ya bure. Na kama una laki moja tu mfukoni tafuta darubini ya macho mawili ya 10x50, yani inakuza mara 10 na vioo vyake vya mbele ni milimita 50, egemeza viwiko ukutani utaiona miezi ya Mshtarii, na ile Jumamosi Zuhura na Zohali ziliingia pamoja kwenye ya jirani yangu, kwenye hii yangu hazikuenea.